Rais hasaini, jaji hana namna: hiki kitanzi ni cha nani?

Pale Arusha, kwenye majengo ya AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, kwa karibu miaka ishirini kulikuwa na mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ile ICTR, wenye nyumba za kupangisha wa mjini wanaikumbuka vizuri kuliko mtu yeyote. Mwaka 1998 mahakama hiyo ilimhukumu Jean Kambanda, jamaa aliyekuwa waziri mkuu wa serikali iliyosimamia mauaji ya watu wanaokadiriwa laki nane, na ye mwenyewe alikiri makosa. Akapewa kifungo cha maisha. Hakupewa zaidi ya hapo kwa sababu sheria ya mahakama ile haikuwa na adhabu ya kifo kabisa, hata kwa mtu wa kiwango chake. Sasa toka hapo AICC, nenda Mahakama Kuu ya Tanzania hapo hapo Arusha, mchukue kijana aliyegombana na mwenzake kilabuni usiku wote wakiwa wamelewa, akatoka, akarudi na kisu, akamchoma. Jaji akisharidhika kuwa kijana alikusudia, basi imeisha, ni kunyongwa mpaka kufa.

Mimi nataka adhabu ya kifo ifutwe Tanzania, nalisema mapema ili anayetaka kuanza kutukana aanze sasa hivi. Ila sababu inayonisumbua zaidi ni moja ambayo naona haisemwi sana: kwenye mnyororo wote, kuanzia bungeni mpaka gerezani, hakuna mtu hata mmoja anayekubali kwamba ye ndo anayeua. Kila mmoja anamsukumia mwenzake.

Anza na jaji. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwa namba ile tuliyoizoea, kinasema mtu akitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia atahukumiwa kifo. Hakuna cha kati ya miaka thelathini na maisha, hakuna cha "kadiri mahakama itakavyoona". Wanaoepuka ni aliyetenda kosa akiwa hajafika miaka 18 na mwanamke aliyekutwa mjamzito, huyo anapewa maisha. Wengine wote mlango ni huo mmoja, aliyepanga mauaji kwa miezi mitatu akakodi watu, na mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka kumi afu siku moja akavizia amelala akachukua shoka. Jiulize hiyo inakuwaje, maana kwenye kesi ya wizi wa mbuzi hakimu anamuuliza mshitakiwa ana lolote la kusema kabla hajapewa adhabu, jamaa anasimama anasema nina watoto wanne, mama yangu mgonjwa, ni kosa langu la kwanza, na hakimu anaandika. Kwenye kesi ya mauaji wakili wa utetezi akifika hapo anaongea kutimiza wajibu tu, anajua hata akilia machozi ya damu adhabu haisogei hata inchi moja. Kuna majaji wanaandika kabisa kwenye hukumu kwamba mikono yao imefungwa. Yani mtu mwenye elimu yote hiyo, aliyemsikiliza mshitakiwa na mashahidi wote kwa macho yake, sehemu moja tu ya kazi yake ambayo haruhusiwi kutumia akili ni ile ya kuamua kama mtu afe.

Haya, njoo kwa rais. Hukumu ya kifo haitekelezwi mpaka rais aisaini, na mara ya mwisho Tanzania kunyonga mtu ilikuwa 1994, wakati wa mzee Mwinyi. Toka hapo tumepata Mkapa, Kikwete, Magufuli na Samia. Hawa watu wanne kwa tabia hawafanani kabisa, siasa zao hazifanani, ukali wao haufanani, lakini kwenye hili wamefanana. Magufuli, ambaye hakuna anayeweza kumsema alikuwa mtu wa kulegea, Septemba 2017 siku anamuapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma alisema hadharani asipelekewe majina ya watu wa kunyongwa. Na Desemba 9 mwaka huo huo kwenye sherehe za uhuru akatoa msamaha kwa watu 61 waliokuwa wanasubiri kitanzi, ingawa siku hiyo nchi nzima ilikuwa inaongelea wale wanamuziki waliosamehewa, Babu Seya na Papii Kocha, wale 61 wakapita kimya kimya.

Mimi nikiangalia hiyo miaka zaidi ya thelathini naona kitu kizito kuliko hoja yoyote ya mwanasheria. Mtu pekee nchini mwenye mamlaka ya kusema "anyongwe" na kweli akanyongwa, anakataa. Anayekuja baada yake anakataa. Hakuna sheria iliyowalazimisha kukataa, na kura wasingezikosa, maana ukiuliza mtaani wengi watakwambia muuaji auawe. Ila ukishakaa kwenye kile kiti na faili liko mbele yako lina jina la mtu, mambo yanabadilika.

Na sisi raia tunaona ni sawa tu, sheria ipo, haitumiki, nani ameumia?

Ameumia aliye ndani. Isanga Dodoma, Ukonga, Butimba, Maweni, kote huko kuna watu wa kondemu, mamia yao, wamehukumiwa kufa na hawafi. Wametengwa na wafungwa wengine. Hukumu yao haina tarehe. Mfungwa wa miaka thelathini anahesabu, anajua amebakiza kumi na mbili, anajua akitulia atapunguziwa, huyu wa kondemu anahesabu nini? Mlango ukifunguliwa saa isiyo ya kawaida hajui ni chai, ni ukaguzi au ni yenyewe. Anaishi hivyo miaka kumi, ishirini, wengine mpaka wanazeekea mle. Mahakama ya Juu ya Uganda ililiona hili Januari 2009 kwenye kesi ya Susan Kigula na wenzake zaidi ya 400, ikasema mtu akikaa zaidi ya miaka mitatu baada ya rufaa yake ya mwisho bila kunyongwa basi adhabu yake inageuka kuwa kifungo cha maisha, huwezi kumuadhibu mtu kwa kifo afu ukamuadhibu tena kwa kukisubiri. Kigula mwenyewe alisomea sheria humo humo gerezani Luzira kupitia Chuo Kikuu cha London, akatoka 2016. Angekuwa mmoja wa wale 28 walionyongwa Luzira mwaka 1999 tusingekuwa na stori ya kusimulia.

Sisi tulikuwa na nafasi ya kuwa miongoni mwa wa kwanza kuifuta kupitia mahakama, na wengi hawajui. Mwaka 1994, mwaka ule ule wa kunyonga kwa mwisho, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Dodoma aliamua kwenye kesi ya Mbushuu na mwenzake kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume na Katiba. Aliwatia hatiani, hakuwaachia, ila akawapa kifungo cha maisha. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ikaitengua, na ukisoma sababu zao unashika kichwa, maana walikubaliana na Mwalusanya kwamba kunyonga ni ukatili na kunamdhalilisha mtu, hilo hawakubishana nalo kabisa, ila wakasema Katiba yenyewe kwenye ibara ya 30 inaruhusu haki kuminywa kwa maslahi ya umma, kwa hiyo ukatili huu ni halali. Miezi michache baadae, Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikafuta adhabu ya kifo kwenye kesi ya Makwanyane, na ndani ya hukumu yao wakaijadili kesi yetu ya Dodoma. Wenzetu walichukua swali tulilouliza sisi wakalijibu wao.

Sasa tuje kwenye makosa, maana hapa ndo ninapotaka watu wanaosema "muuaji auawe" watulie kidogo. Muuaji yupi? Unamjuaje? Ingia TanzLII, ile tovuti ya hukumu za mahakama zetu, ni bure, soma hukumu za rufaa za kesi za mauaji hata kumi tu za mikoani, utakuta nyingi zimesimama juu ya vitu viwili, shahidi aliyemtambua mtu usiku, na maelezo ya onyo yaliyochukuliwa polisi ambayo mshitakiwa akifika mahakamani anayakana. Huo utambuzi wa usiku ni somo lenyewe. Tangu kesi ya Waziri Amani mwaka 1980 Mahakama ya Rufani imekuwa ikirudia maswali yale yale, shahidi alikuwa umbali gani, alimuona kwa muda gani, alikuwa anamfahamu kabla, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani. Kwa hiyo unakuta majaji watatu wamekaa wanajadili kibatari. Kweli kabisa. Kibatari kilikuwa mezani au kimetundikwa ukutani, chumba kilikuwa na ukubwa gani, mbalamwezi ilikuwa kali au kulikuwa na mawingu, shahidi aliposema "nilimtambua kwa sauti" alishawahi kuongea naye mara ngapi. Na mara nyingine wanafika mwisho wanasema hapana, mwanga huu hautoshi, mwachieni huru. Jamaa anatoka. Keshakaa mahabusu miaka, keshakaa kondemu miaka, leo kaambiwa kibatari hakikutosha.

Utaniambia si unaona, sistimu imefanya kazi, rufaa imemuokoa. Sawa, imemuokoa huyo. Uingereza wenye maabara na kila kitu walimnyonga baharia Msomali, Mahmood Mattan, pale Cardiff mwaka 1952, hukumu yake ikaja kufutwa 1998, miaka 46 baadae, mjane ameshakuwa bibi. Marekani tangu 1973 watu 200 na zaidi waliohukumiwa kifo wamekuja kusafishwa, na huko kuna DNA, kuna mawakili wa kujitolea, kuna waandishi wanaochimba kesi moja miaka mitano. Sisi tuna kibatari na PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali.

Na kabla ya kufika huko kwenye rufaa kuna njia ndefu ya umaskini. Kesi ya mauaji haina dhamana. Inaanzia kwa hakimu ambaye hana mamlaka ya kuisikiliza, kila baada ya wiki mbili watu wanapakiwa kwenye karandinga, wanafika, wanaambiwa upelelezi haujakamilika, wanarudishwa. Mwaka, miaka mitatu, mitano. Ikija kufika Mahakama Kuu wengi hawana hela ya wakili, wanapangiwa na mahakama, na wapo mawakili wanaofanya kazi hiyo kwa moyo kweli, siwezi kuwatukana, lakini malipo yake ni madogo na malalamiko ya mteja kumuona wakili wake kwa mara ya kwanza asubuhi ya kesi ni ya zamani na hayajaisha. Huyo ndo mtu ambaye adhabu yake ikikosewa hairudishwi.

Sasa kuna jambo siwezi kulikwepa, nikilikwepa nitakuwa muongo. Kagera, 2024, mtoto mwenye ualbino, ana miaka miwili na nusu, aliporwa mikononi kwa mama yake akaja kupatikana ameuawa na viungo vimekatwa. Niliposoma ile habari na mimi sikuwa nawaza haki za binadamu za mtu yeyote. Na mwaka 2009 Waziri Mkuu Pinda alifika mahali akasema wanaoua albino nao wauawe papo hapo, baadae akalia bungeni akijieleza. Watu wengi walimuelewa. Hasira ni halali, anayewaambia ndugu wa yule mtoto watulie hana akili.

Lakini tuangalie basi hicho kitanzi kilimsaidiaje yule mtoto. Kilikuwepo. Kilikuwepo 2007, 2008, 2009 wakati mauaji ya albino yanapamba moto Mwanza na Shinyanga, na watu walihukumiwa kifo kwa mauaji hayo, mahakama hazikulala. Anayeenda kwa mganga kununua kiungo cha binadamu kabla ya uchaguzi hapigi hesabu ya kifungu cha 197, anapiga hesabu ya kutokamatwa, na hesabu hiyo mara nyingi inamlipa maana wenye hela zao waliotuma hawaonekani kizimbani, anaonekana aliyeshika panga. Ukitaka kumtisha huyo mtu mwenye hela, mfikie. Peleka wapelelezi wanaojua kazi, linda mashahidi, fuatilia simu na miamala. Hiyo ni kazi, ina gharama, haina makofi. Kutangaza kunyonga hakuna gharama yoyote, unasema tu.

Wengine wanakuja na dini, wanasema hata Quran imeweka kisasi. Ni kweli qisas ipo, ila soma mpaka mwisho, Suratul Baqara aya ya 178 inawapa ndugu wa marehemu mlango wa kusamehe na kupokea diya, yani fidia ya damu. Sheria yetu imechukua kuua ikaacha msamaha. Hapa kwetu kesi ni Jamhuri dhidi ya fulani, familia ya marehemu wakija mbele ya jaji wakasema tumekaa na upande wa pili, tumesameheana, wamelipa, tunaomba asiuawe, jaji hana pa kuliweka ombi lao. Na wale wa mila zetu nao hivyo hivyo, Wamaasai na makabila mengi yalijua fidia ya ng'ombe kwa damu, kitanzi cha serikali tulikiona sawasawa walipokuja Wajerumani. Wakamnyonga Bushiri Pangani 1889, wakamnyonga Mangi Meli Old Moshi 1900, wakawanyonga wazee wa Kingoni Songea 1906 makumi kwa siku moja. Waingereza wakaja na sheria yao ya 1930, ndo hii tunayoitetea leo kama ya babu zetu, na jirani Kenya wakanyonga zaidi ya watu elfu moja wakati wa Mau Mau, Dedan Kimathi akiwemo, 1957.

Na tuwalishe bure mpaka lini? Hiyo nayo naisikia sana. Ndugu yangu, tunawalisha toka 1994. Hiyo hoja ingekuwa na maana kama tungekuwa tunanyonga.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hawa wanaosema iacheni ilale, haimdhuru mtu. Kongo walisema hivyo hivyo. Toka 2003 walikuwa hawatekelezi, kila mtu akazoea, Machi 2024 serikali ikatangaza kuuondoa usitishaji huo, na Septemba 2025 mahakama ya kijeshi Kinshasa ikamhukumu kifo Joseph Kabila, rais mstaafu, hayupo hata mahakamani. Miaka zaidi ya ishirini ya mazoea iliondoka kwa waraka mmoja wa waziri. Sisi yetu haina hata waraka, iko moyoni mwa rais aliyepo, na moyo wa rais ajaye hatuujui. Pia uhaini nao una kitanzi, msisahau, na neno uhaini kwenye siasa za Afrika linajua kukua. Linganisha na Rwanda. Aprili 1998 walipiga risasi watu 22 hadharani, watu wamejaa kuangalia, na kama kuna nchi duniani ilikuwa na sababu ya kuua wauaji ni ile. Mwaka 2007 wakaifuta. Sehemu ya sababu ilikuwa ya kivitendo kabisa, Arusha na Ulaya walikuwa wanagoma kuwapelekea watuhumiwa wa kimbari kwenye nchi inayonyonga. Burundi wakafuata 2009. Zimbabwe mwisho wa 2024 aliyesaini kufuta ni Mnangagwa, ambaye enzi za utawala wa wazungu wa Ian Smith mwenyewe aliponea chupuchupu kunyongwa kwa sababu ya umri.

Huku kwetu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha pia, iliiambia Tanzania Novemba 2019 kwenye kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba adhabu ya kifo ya lazima inavunja haki ya kuishi na kunyonga kunavunja utu, ikatoa mwaka mmoja sheria ibadilishwe. Mwezi huo huo serikali ikajitoa kwenye utaratibu unaowaruhusu raia na asasi kwenda pale moja kwa moja. Halafu 2023 Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, hii sio ya mabeberu, ni ya rais mwenyewe, ikapendekeza kifo kisiwe adhabu pekee ya mauaji.

Pendekezo la tume ni zuri ila mimi naona ni nusu ya safari, na nusu ya safari tumeshaiona Kenya. Desemba 2017 Mahakama ya Juu kule kwenye kesi ya Muruatetu ikasema ulazima unapingana na katiba, wafungwa wakafurika mahakamani kuomba adhabu zipangwe upya, 2021 mahakama hiyo hiyo ikarudi ikafafanua kwamba ilimaanisha mauaji tu, wa unyang'anyi wa kutumia nguvu wasubiri. Na Kenya wezi wawili wakikupora simu kwa pamoja, hiyo inaweza kuwa unyang'anyi wa kutumia nguvu, ambao adhabu yake kwenye kitabu ni kifo. Marais wao nao wanageuza hukumu kwa mafungu, Kibaki zaidi ya 4,000 mwaka 2009, Uhuru 2,747 mwaka 2016, Ruto naye 2023, ndoo inamwagwa bomba likiwa wazi.

Kuifuta kwetu hakuhitaji katiba mpya. Ni marekebisho ya sheria za kawaida, kuanzia Kanuni ya Adhabu kwenye mauaji na uhaini, wingi wa kawaida wa wabunge, mswada mmoja. Na kwenye huo huo mswada ziwekwe hela za kurudisha mahakamani kila aliyeko kondemu leo apangiwe adhabu upya akiwa na wakili aliyemuona kabla ya siku hiyo, kama Malawi walivyofanya baada ya kesi ya Kafantayeni ya 2007, ambako mafaili yalipofunguliwa walikutwa watu wagonjwa wa akili na wengine waliokuwa watoto siku ya tukio. Wale wabunge wanaopenda kusema wananchi wanataka kitanzi, siku ya kupiga kura waulizwe swali moja la ziada, ni afisa magereza yupi wa jimboni kwake atakayevuta ile nyenzo, maana waliokuwa wanaijua kazi hiyo wamestaafu zamani.